Tumeikataza bangi kila mahali, tukaisahau stendi

Habari za bangi kutoka nje zikifika Mbeya huwa zimeshapungua njiani. Aprili 2024 zilikuja za Ujerumani, na kwenye makundi ya WhatsApp zikasomwa kwa neno moja: wamehalalisha. Mwezi uliofuata Rais Cyril Ramaphosa wa Afrika Kusini akasaini sheria yake, zikasomwa vilevile. Juni 2025 ikaja zamu ya Thailand, safari hii kinyume: wamejuta, wamerudisha marufuku. Vijana wa vijiweni walizishangilia mbili za kwanza, wachungaji na walimu wakaisambaza ya tatu, na kila upande ukabaki na ushahidi wake mkononi. Ukizisoma sheria zenyewe unakuta jambo jingine. Nchi hizo zimehangaika na mahali, pengine zaidi ya zilivyohangaika na mmea: wapi mtu asivute, mbele ya nani, saa ngapi, hatua ngapi kutoka geti la shule. Sisi tumeikataza bangi yote, kila mahali, kwa kila mtu, kisha tukaona kazi imekwisha. Hoja yangu ni kwamba katazo la namna hiyo, pamoja na ukali wake wote, limeyaacha maeneo ya wazi bila ulinzi wa kueleweka, na kwamba halmashauri zetu za Nyanda za Juu Kusini zinaweza kuanza kulirekebisha hilo bila kugusa hata nukta moja ya sheria ya dawa za kulevya. Siombi bangi iruhusiwe. Nalisema mapema kwa sababu nawafahamu ndugu zangu.

Tuanze na Ujerumani, kwa kuwa ndiyo inayotajwa zaidi. Sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Aprili 2024 inamruhusu mtu mzima kutembea na gramu 25, kuweka gramu 50 nyumbani na kuotesha miche mitatu. Hayo yalisambaa. Ambayo hayakusambaa ni kwamba sheria hiyohiyo inakataza kuvuta karibu na mtu yeyote aliye chini ya miaka 18, inakataza kwenye shule, viwanja vya kuchezea watoto, vituo vya vijana na viwanja vya michezo, pamoja na eneo linaloonekana kutoka hapo hadi mita 100 toka mlangoni, na inakataza kwenye mitaa ya waenda kwa miguu kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 2 usiku. Hata vile vyama vya wakulima wa bangi vilivyoruhusiwa kuanzia Julai mwaka huo, mwanachama anachukua fungu lake na kuondoka. Kuvutia ndani ya chama hairuhusiwi. Shirika la reli nalo likaweka marufuku yake kwenye stesheni.

Ichukue sheria hiyo uilete Mwanjelwa. Pale penye vituo vya daladala huwezi kusimama dakika tano bila kupitiwa na mtoto mwenye ndoo ya mayai ya kuchemsha, kachumbari kwenye kopo na chumvi ya pilipili iliyofungwa kwenye kipande cha karatasi. Kwa kipengele kimoja tu, hicho cha aliye chini ya miaka 18, stendi nzima ingefungwa kwa mvutaji tangu alfajiri hadi daladala ya mwisho. Jumlisha mita 100 za kila shule na kila uwanja wa mpira, na mvutaji wa Mbeya mjini angejikuta anapanda mlima Loleza kutafuta mahali halali, tena aangalie asipite karibu na shule ya wasichana yenye jina hilohilo. Hiyo ndiyo nchi tunayoambiwa imeachia.

Afrika Kusini inatajwa sana na ndugu zetu wa imani ya Rasta, na wana haki ya kuitaja, kwa kuwa mmoja wa waliopambana na sheria ile kwa miaka mingi mahakamani, Gareth Prince, ni Rasta. Tarehe 18 Septemba 2018 Mahakama ya Katiba, hukumu ikiandikwa na Jaji Raymond Zondo, iliamua kwamba kumwadhibu mtu mzima kwa kutumia, kumiliki au kulima bangi faraghani kwa matumizi yake mwenyewe ni kuvunja haki yake ya faragha. Mahakama haikusema bangi ni nzuri wala haina madhara. Ilisema serikali haikuonyesha sababu ya kutosha ya kumfuata mtu mzima hadi kwenye faragha yake. Haki iliyojengwa juu ya faragha inakoma faragha inapokoma, na ndiyo maana sheria ya 2024 iliyozaliwa na hukumu ile haikuruhusu kuvuta hadharani wala kufanya biashara. Anayeinukuu hukumu ya Zondo ili autetee msokoto wa nyuma ya soko, anainukuu dhidi ya nafsi yake.

Thailand ilikwenda kinyumenyume. Juni 2022 iliitoa bangi kwenye orodha ya dawa za kulevya kabla Bunge lake halijapitisha sheria ya kuisimamia. Maduka yakafumuka kila mtaa wa watalii, moshi wa barabarani ukawa unashughulikiwa kama kero chini ya sheria ya afya ya jamii, na miaka mitatu baadaye serikali ikaamuru maua ya bangi yauzwe kwa cheti cha daktari. Kwa hiyo hata ile habari ya kwamba wamerudisha marufuku ni nusu habari. Wamerudi kujenga uzio ambao walipaswa kuujenga kwanza. Na Amsterdam, mji ambao wavutaji wa dunia nzima huutaja kwa heshima, tangu Mei 2023 umepiga marufuku kuvuta bangi barabarani kwenye mitaa yake ya kale ya madanguro, ilhali migahawa inayoiuza iko palepale.

Karibu na kwetu upotofu ni mkubwa zaidi. Ukishuka Kyela hadi Kasumulu, au ukienda Tunduma, utaambiwa kwa uhakika kabisa kwamba ng'ambo ni ruksa. Malawi ilipitisha sheria yake mwaka 2020, Zambia ikafuata mwaka 2021, na zote mbili zilifungua mlango wa kulima kwa leseni kwa ajili ya dawa, utafiti au viwanda. Anayevuta kwa starehe Karonga au Nakonde bado anavunja sheria ya nchi yake. Leseni hizo ni za kampuni zenye mtaji, uzio na soko la nje, na mkulima mdogo wa kule anaziona kwa mbali kama wa huku. Tofauti hii haipiti mpakani pamoja na abiria.

Sheria yetu ni Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, ambayo ndiyo iliyoiunda Mamlaka tunayoijua kwa kifupi cha DCEA. Nyuma yake upo Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961. Desemba 2020 Tume ya Umoja wa Mataifa inayohusika na dawa hizi ilipiga kura, 27 kwa 25, kuitoa bangi kwenye orodha ya vitu vinavyobanwa zaidi ndani ya mkataba huo. Hilo nalo likasomwa vijiweni kama ruhusa, wakati bangi ilibaki ndani ya mkataba, kwenye orodha ileile waliyomo kasumba na ndugu zake, na sheria ya hapa haikutikisika. Ni sheria iliyoandikwa ikilitazama shamba na gunia. Watu wamefungwa miaka 30 kwa kulima au kusafirisha, na adhabu hupimwa zaidi kwa uzito wa mzigo. Katika ukanda wetu, ambako mikoa ya Iringa na Ruvuma imetajwa kwa miaka mingi miongoni mwa inayolima, mkazo huo una maana yake. Operesheni za kufyeka mashamba sina ugomvi nazo.

Ugomvi wangu unaanza pale gunia linapokwisha na msokoto unapoanza. Mchukue kijana aliyekutwa na msokoto mmoja nyuma ya uwanja. Sheria inacho kifungu cha mtumiaji, chenye adhabu nyepesi kuliko ya msafirishaji, lakini ushahidi wake unapita njia ileile ya gunia. Kielelezo kinapaswa kukamatwa mbele ya shahidi, hati ya ukamataji ijazwe na kusainiwa, kifungwe, kipelekwe kwa Mkemia Mkuu wa Serikali athibitishe kwamba ni bangi, kirudi na ripoti, na kila mkono uliokishika ujulikane, maana Mahakama ya Rufani imeshawaachia huru watu wenye kesi kubwa kuliko hiyo kwa sababu tu mnyororo wa utunzaji wa vielelezo ulikatika. Polisi kata mwenye pikipiki moja na mitaa kadhaa ya kuilinda anapiga hesabu zake. Ama afungue jalada litakalomla wiki nzima kwa kitu kisichofika hata gramu moja, ama apite kama hakuona, ama, tusifichane, amalizane na kijana pembeni. Kati ya jalada zito na kupita kimya hakuna ngazi ya kukanyaga.

Mtaani kwetu kuna uwanja wa vumbi unaopakana na ukuta wa shule ya msingi. Jumapili moja ya Julai, saa kumi na nusu jioni, baridi ikiwa imeshaanza kushuka na mashabiki wamejifunika mashuka na makoti ya mtumba, kundi la vijana sita hivi lilisimama nyuma ya goli la upande wa shule. Msokoto ulikuwa unazunguka bila haraka, kila mmoja anavuta mara mbili, anapokeza. Nyuma ya goli hilohilo walikuwapo watoto wa darasa la tatu na la nne, wanaokota mipira ndani ya moshi, kwa kuwa mwokota mpira hutupiwa shilingi mia mbili mechi ikiisha. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa amekaa upande wa pili, anaona kama ninavyoona mimi. Nikamuuliza, "Mwenyekiti, mbona unawaangalia tu?" Akanijibu, "Mwandishi, nikiita polisi hapo ni miaka thelathini, na yule mrefu ni mtoto wa dada yangu. Nikiwaambia waondoke, wataniuliza kwa sheria ipi." Kuhusu miaka 30 alikosea, kwa mvutaji haifiki huko. Swali la pili hakukosea. Sheria anayoijua ni moja tu, na ni kubwa mno kuinyanyua kwa ajili ya watoto nyuma ya goli.

Wapo watakaosema, na nawaheshimu, kwamba ukianza kutaja mahali ambapo bangi haivutwi umeshasema kwamba mahali pengine inavutwa. Kwao katazo ni kauli ya nchi nzima, na kauli ya nchi haipaswi kuwa na kona. Hoja hii ina nguvu yake. Vijana husikia mlango hata pale palipotajwa dirisha. Nimetoka kueleza jinsi habari ya Ujerumani ilivyosikika hapa. Lakini historia yetu wenyewe inaonyesha kwamba tumewahi kuweka kona bila kupoteza kauli. Tarehe 1 Machi 2017 serikali ilipiga marufuku viroba. Haikupiga marufuku konyagi wala gongo haikuhalalishwa siku hiyo. Iliangalia namna pombe ilivyokuwa inanywewa: kipakiti cha bei ya soda, kinachoingia mfuko wa shati, kinachofunguliwa kwa meno juu ya pikipiki saa mbili asubuhi. Kilichokatazwa ni kifungashio kilichoipeleka pombe kwenye kijiwe cha bodaboda na kwenye begi la mwanafunzi. Hakuna aliyesema serikali imebariki ulevi wa chupa. Na kabla ya hapo, Sheria ya Kudhibiti Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003 ilikuwa imeshazuia kuvuta sigara kwenye maeneo kadhaa ya umma, sigara ikiwa bidhaa halali inayolipa kodi, na tumbaku yenyewe ikiwalisha watu wa Chunya. Kutaja mahali kulibana, hakukufungulia.

Tena kwa bangi hoja hiyo inadhoofika zaidi, kwa sababu sheria kubwa inabaki juu. Halmashauri ikisema ni marufuku kuvuta ndani ya eneo fulani kuzunguka shule, haimruhusu mtu kuvuta nje ya eneo hilo, kama vile bango la "usitupe takataka hapa" lisivyompa mtu ruksa ya kuzitupa kwa jirani.

Upande wa pili unazo hoja tatu, na si zote zina uzito sawa. Ya kwanza ni ya mila: babu zetu walivuta, bibi zetu waliiweka kwenye maji ya kuku, na hakuna aliyechanganyikiwa. Kwanza, wapo waliochanganyikiwa, ila walifichwa uani. Pili, kilichomo kwenye msokoto wa leo si lazima kiwe kile cha babu. Mamlaka imekuwa ikionya kuhusu skanka, bangi yenye kiwango kikubwa zaidi cha ile kemikali ya THC inayolevya, na Dar es Salaam zimeshakamatwa biskuti zilizochanganywa na bangi. Babu aliyevuta kiko chake mbele ya kibanda, wajukuu wakiwa shambani, hatusaidii kuamua lolote kuhusu stendi ya leo.

Hoja ya pili, na ndiyo dhaifu kuliko zote, ni kwamba moshi wa nje hauna madhara kwa mwingine: upepo unauchukua, asiyeupenda ajisogeze. Moshi wa bangi una lami na hewa ya kaboni monoksaidi kama wa sigara, lakini tuseme kweli uwanjani unatawanyika. Bado hilo si tatizo lenyewe. Stendi na kijiwe ni mahali pa kazi, na kazi yenyewe ni kuendesha vyombo vya moto. Anayevuta saa tatu asubuhi kwenye kijiwe, saa tatu na dakika kumi amempakia mama mwenye mtoto mgongoni anashuka naye kuelekea Iwambi. THC huchelewesha mwitikio wa mwili na kuvuruga makadirio ya umbali na muda, na athari hizo hudumu saa kadhaa. Kile kipimo cha kupuliza cha askari wa usalama barabarani kinapima pombe. Bangi hakiioni. Kwa hiyo nafasi pekee halisi ya kumzuia dereva huyo ni kabla hajawasha, palepale anapovutia. Kuna na watoto. Ubongo wa binadamu unaendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu, na wataalamu wa afya ya akili hawabishani sana kwamba anayeanza mapema na kuvuta mara kwa mara anajiweka kwenye hatari kubwa zaidi ya kupata matatizo ya akili. Mtoto anayeokota mipira nyuma ya goli haathiriki na moshi wa Jumapili moja kiasi cha kumpeleka Mirembe. Anachojifunza pale ni kwamba kaka zake wanaojua mpira huvuta, mchana kweupe, mwenyekiti akiwapo, na hakuna kinachotokea.

Hoja yao ya tatu ndiyo inayoninyima raha, na hapa sina jibu la kumaliza ubishi. Faragha ina bei. Mwenye nyumba yake yenye ukuta na geti, awe Forest au Gangilonga kule Iringa, akivuta bangi sebuleni kwake hakuna atakayejua. Kijana anayepanga chumba kimoja kwenye nyumba yenye wapangaji wanane, choo kimoja, uani kuna watoto wa watu wanafua, huyo hana faragha hata ya kuoga. Ukimfukuza uwanjani unamrudisha kwenye korido ile, na moshi unaingia kwenye chumba cha mama mwenye kichanga. Quebec nchini Canada waliligonga jiwe hilihili. Bangi iliporuhusiwa nchini humo Oktoba 2018, wenye nyumba wa jimbo hilo walipewa nafasi ya kubadili mikataba ya pango ili wapangaji wasivute ndani; Novemba 2019 jimbo likapiga marufuku kuvuta maeneo ya umma. Mpangaji akabaki na kitu halali asicho na mahali pa kukitumia. New York iliamua tofauti mwaka 2021, ikaruhusu kwa ujumla bangi ivutwe panapovutwa sigara, na tangu hapo malalamiko ya harufu yamekuwa wimbo wa mji ule. Udhibiti wa mahali unafanya kazi vizuri palipo na pa kwenda. Sisi kwa sheria yetu hatuna pa kwenda. Nyumbani nako ni kosa. Mjadala wa faragha kama ule wa Zondo ni wa Bunge na mahakama, sidhani uko karibu, na mimi binafsi sina haraka nao. Lakini kati ya moshi kwenye korido ya watu wazima wanaoweza kugombana na mwenzao, na moshi nyuma ya goli la watoto wasioweza kumwambia mtu lolote, nitaanza na goli.

Tunaanzaje? Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982 inazipa halmashauri za miji na majiji uwezo wa kutunga sheria ndogo, na halmashauri za wilaya zina sheria yao inayofanana. Sheria ndogo hupitishwa na baraza la madiwani na kuridhiwa na waziri mwenye dhamana, na haiwezi kupingana na sheria kubwa. Kwa hiyo Jiji la Mbeya haliwezi kupunguza adhabu ya bangi hata likitaka. Linaloweza ni kukataza kuvuta kitu chochote, iwe sigara, iwe bangi, iwe shisha, ndani ya mita kadhaa kutoka shule, kiwanja cha michezo, zahanati na eneo la kupakilia abiria. Hapo ndipo ugumu wote nilioueleza unapopungua. Kwa sheria ndogo ya aina hiyo, kosa ni kuvuta mahali pale. Kilichomo ndani ya karatasi hakihitaji kuthibitishwa. Mkemia haitwi, kielelezo hakifungwi, mnyororo haukatiki. Mwenyekiti wa mtaa anayeulizwa kwa sheria ipi anakuwa na jibu la kuwaambia, tena jibu lisilompeleka mtoto wa dada yake gerezani. Na polisi wakimkuta mtu na gunia, sheria kubwa ipo palepale ikimsubiri.

Wavuta sigara watalalamika, na wana haki ya kulalamika kidogo. Nitawajibu kwamba sheria ya 2003 ilishawabana sehemu kadhaa na waliizoea pale ilipotekelezwa. Hakuna anayewasha sigara ndani ya basi la Mbeya kwenda Dar siku hizi, na wapo tunaokumbuka lilivyokuwa.

Hofu kubwa ni mgambo. Kila aliyewahi kuuza ndizi kando ya barabara katika miji yetu anajua sheria ndogo inavyogeuka kuwa mradi wa mtu. Faini ya papo kwa papo bila stakabadhi ni mshahara wa pili, na anayeishia kulipa ni kijana wa mtumba, si yule mwenye gari lenye vioo vyeusi lililoegeshwa nje ya uwanja. Kwa hiyo hatua ya kwanza iwe kuonywa na kuondolewa eneo hilo, jina likaandikwa kwenye daftari la mtaa. Faini ije kwa anayerudia, ilipwe kwa kumbukumbu namba ya malipo ya serikali, na mgambo asiruhusiwe kushika fedha wala kupekua mifuko ya mtu. Kama aliyekutwa ni mtoto wa shule, aitwe mzazi na ofisa ustawi wa jamii wa kata, faini asitozwe. Hapo kuna pengo ambalo sheria ndogo haiwezi kuliziba: Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ina kliniki ya methadoni, lakini methadoni ni ya waraibu wa heroini, na kwa bangi hakuna dawa ya namna hiyo. Anachohitaji kijana huyo ni mtu wa kuzungumza naye zaidi ya mara moja, na kata nyingi hazina ofisa wa ustawi mwenye muda huo. Baraza linalopitisha katazo bila kutenga fedha za ofisa huyo litakuwa limepitisha nusu ya kazi.

Ningeanza na shule na viwanja, stendi baadaye. Shuleni na kiwanjani wapo watu wanaofahamiana, mwalimu mkuu, kocha, mwenyekiti, wazazi, na eneo lina mipaka inayoonekana. Mabango machache na chokaa kwenye ukuta vinatosha kuanzia. Stendi ina maelfu ya wapita njia, wapiga debe wasioogopa mtu, na biashara nyingine nyingi zinazojificha nyuma ya moshi, kwa hiyo inahitaji makubaliano na vyama vya bodaboda na vya madereva wenyewe kabla ya mgambo kukanyaga. Wapo madereva wanaolitaka katazo hilo kuliko sisi waandishi, kwa sababu pikipiki anayoigonga mwenzao aliyelewa ni ya kwao. Ofisi ya DCEA ya kanda yetu ingeombwa itoe mafunzo kwa wenyeviti, ili angalau wajue kifungu cha mtumiaji kinasema nini na wasiendelee kuwatisha wapwa zao kwa miaka thelathini isiyowahusu. Na ripoti iletwe barazani kila robo mwaka ikiwa na safu mbili, ya walioonywa na ya waliolipa. Safu ya pili ikianza kuizidi ya kwanza, madiwani wajue sheria imeshaingia mfukoni mwa mtu, na waisimamishe.